Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: Tupeni kanuni ya shingo iliyopimwa kwa majeruhi wetu

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma;
Mganga Mkuu wa Serikali;
Waganga Wafawidhi wa Hospitali za Rufaa za Mikoa na Kanda.

YAH: NANI APIGWE PICHA YA SHINGO BAADA YA AJALI, NA NANI ASIPIGWE

Waheshimiwa,

Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo kando ya barabara kuu. Hospitali yenyewe siitaji, maana ninayoyaandika hayaihusu peke yake. Kuamua nani apigwe picha si kazi yangu. Daktari anaandika fomu, mimi napiga. Lakini anayekesha chumba cha eksirei Jumamosi usiku anaona kitu ambacho daktari aliyeinama juu ya mgonjwa mmoja hawezi kukiona. Anaona foleni.

Kwenye foleni hiyo kuna dereva wa bodaboda aliyegongwa ubavuni na daladala, yupo na abiria wake. Kuna kijana aliyeteleza juu ya mwembe, bibi aliyeanguka bafuni, utingo aliyerushwa kutoka juu ya shehena. Wote wamelazwa chali, wengine na kola ya plastiki, wengine na kanga iliyozungushwa shingoni kwa kuwa kola zimeisha. Fomu zao zinafanana: shingo, mbele na ubavu. Wengi wao shingo ni nzima kabisa. Mmoja huenda pingili imevunjika na bado hajapooza. Fomu hainiambii huyo mmoja ni nani, kwa hiyo anangoja zamu yake kama wenzake.

Ombi langu nalitaja mapema ili msilitafute chini. Wizara isimamie utengenezaji wa kanuni ya kitaifa ya kuamua majeruhi yupi anahitaji picha ya shingo na yupi hahitaji, na kanuni hiyo ipimwe kwa majeruhi wa hapa. Kuchukua kanuni iliyotengenezwa Kanada na kuibandika ukutani hakutoshi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niwaeleze picha yenyewe inavyopigwa, maana nadhani wengi wanaosaini bajeti za mashine hawajawahi kuisimamia. Shingo ina pingili 7. Picha ya ubavu haikubaliki mpaka zionekane zote 7, pamoja na sehemu ya juu ya pingili ya kwanza ya mgongo iliyo chini yake. Kikwazo ni mabega. Akilala pale mbeba mizigo wa sokoni, picha inaishia pingili ya 5, chini yake ni weupe mtupu. Basi namwita ndugu yake, namvalisha aproni ya risasi, namsimamisha miguuni mwa kitanda ashike viwiko vya mikono ya mgonjwa na kuivuta kuelekea miguuni. "Taratibu, kaka, usiachie." Napiga. Pingili ya 6 imetokea, ya 7 bado imefichwa. Tunarudia. Ikishindikana tunauinua mkono mmoja juu ya kichwa, picha tunayoiita ya mwogeleaji, na mwenye bega lililoteguka hawezi kuikaa. Ukikaa ukalifikiria, kumvuta mikono mtu unayemshuku kuwa amevunjika shingo ni jambo la ajabu sana.

Na baada ya kuvutana kote huko, picha inaweza kudanganya. Mwaka 2005 watafiti walijumlisha tafiti zilizolinganisha eksirei ya kawaida na CT-Scan, mashine inayopiga picha za mwili vipande vipande, kwa majeruhi wa shingo. Eksirei ilikamata asilimia 52 tu ya majeraha. CT-Scan asilimia 98. Hao walikuwa wagonjwa wa hatari kubwa, sawa, lakini ndio hasa tunaowatafuta. Maana yake ni kwamba mgonjwa tunayemwogopea kweli eksirei yangu haimtoshi, na yule tusiyemwogopea huenda hakuihitaji tangu mwanzo.

Najua jibu la haraka litakuwa CT-Scan. Mashine hizo zimeanza kufika hospitali za mikoa na tunashukuru, wala sisemi kwa unafiki. Zamani majeruhi alisafirishwa usiku kucha kuifuata. Ila mashine ni moja, na mlango huohuo unawasubiri wenye kiharusi na wenye damu kichwani. Asiye na bima anapewa control number ya kulipia, ndugu wanaanza kuchangishana kwa simu. Mmoja yuko polisi anafuata PF3, fomu ya majeruhi. Mwingine amekaa nje ya ofisi ya ustawi wa jamii akiomba msamaha wa malipo. Muda wote huo mgonjwa amelala chali na kola. Kola nayo si pambo: ikikaa muda mrefu inachubua ngozi mpaka kidonda, inapandisha mgandamizo ndani ya kichwa kwa aliyeumia ubongo, na ikitokea ametapika au pumzi imekata, kumwekea mpira wa kupumulia kunakuwa shughuli nzito.

Kuchagua nani apigwe picha si wazo jipya. Kundi la Dkt. Ian Stiell wa Ottawa, Kanada, lilianza na vifundo vya miguu mwaka 1992, likawapa madaktari kanuni fupi ya kujua kifundo kipi kinahitaji eksirei. Baadaye wakageukia shingo. Wakati huohuo Marekani, kundi la Dkt. Jerome Hoffman lilikuwa na mradi wa NEXUS. Kila upande ukatoa kanuni yake: NEXUS mwaka 2000, ya Kanada mwaka 2001.

NEXUS ilipimwa kwa wagonjwa 34,069 katika hospitali 21. Inauliza mambo matano. Je, ukimbonyeza katikati ya shingo kwa nyuma anaumia? Amelewa? Akili yake haiko sawa? Kuna dalili ya mishipa ya fahamu kuathirika, kama mkono kuishiwa nguvu? Ana jeraha jingine lenye maumivu makali kiasi cha kumsahaulisha shingo? Yote yakiwa hapana, picha haihitajiki. Katika hao wote, 818 walikuwa na jeraha la shingo, na kanuni iliwapita 8, ambao 2 tu ndio majeraha yao yalihesabika kuwa ya maana kitabibu.

Ya Kanada ina hatua. Ni ya mtu mzima wa miaka 16 na kuendelea, mwenye akili timamu na hali tulivu. Akiwa na miaka 65 au zaidi, au ajali yenyewe ilikuwa ya hatari, au ana ganzi au vichomi mikononi au miguuni, apigwe picha bila mjadala. Asipokuwa na hayo, inatafutwa dalili moja ya unafuu: kwa mfano aligongwa kwa nyuma tu na gari, au amekutwa amekaa katika idara ya dharura, au alitembea wakati wowote baada ya ajali, au maumivu ya shingo yalikuja baadaye. Ikipatikana, anaambiwa ageuze shingo mwenyewe nyuzi 45 kulia na 45 kushoto. Akiweza, kola inavuliwa. Walianza na wagonjwa 8,924, wenye jeraha la maana wakiwa 151, na haikumpita hata mmoja.

Mwaka 2003 kanuni hizo mbili zilishindanishwa hospitali 9 za Kanada kwa wagonjwa 8,283. Ya Kanada ilimpita mgonjwa 1 mwenye jeraha la maana, NEXUS ikawapita 16. Wa NEXUS hawakuridhika, na mimi nawaelewa: mechi ilichezwa uwanja wa nyumbani wa mpinzani, mwamuzi naye wa huko. Lakini ngoma haikuishia kwenye kuchapisha. Kundi la Ottawa lilirudi hospitali 12 kuona kama madaktari watabadilika kweli wakifundishwa na kukumbushwa. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Hospitali zilizowekewa kanuni zilishuka kutoka asilimia 61.7 ya wagonjwa kupigwa picha hadi 53.3, na hakuna aliyevunjika aliyepitwa. Zile zilizoachwa ziendelee na mazoea yake, upigaji picha ulipanda.

Sasa tuzilete kwenye foleni yangu.

"Ajali ya hatari" katika kanuni ya Kanada imefafanuliwa: kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 1 au ngazi 5, kutua kwa kichwa kama mtu anayepiga mbizi, gari lililokuwa likizidi kilomita 100 kwa saa, gari kubiringika, mtu kurushwa nje, kugongana ukiwa kwenye baiskeli, au ajali ya chombo cha moto cha starehe. Bodaboda iwekwe wapi hapo? Si chombo cha starehe. Ni usafiri wa mama anayewahi sokoni na mwanafunzi anayechelewa namba. Haifiki kilomita 100 kwa saa kwenye barabara zetu za mitaa. Ila aliyeanguka nayo kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa kwenye tuta, na aliyegongana uso kwa uso na Fuso, wote wawili kwenye fomu wameandikwa "ajali ya pikipiki". Daktari akiihesabu kila bodaboda kuwa ajali ya hatari, kanuni haimwachii mtu, foleni inabaki vilevile. Akiamua kutoihesabu, anacheza kamari na uti wa mgongo wa mtu. Hakuna lililo sahihi kati ya hayo mpaka mtu akae ahesabu: katika majeruhi wa bodaboda, ni nani hasa huvunjika shingo? Aliyekuwa mbele au aliyepakiwa nyuma? Mwenye helmeti au asiye nayo? Aliyetua kwa bega au kwa kichwa? Yote haya yanaulizika pale mapokezi kwa nusu dakika.

NEXUS nayo ina kipengele cha jeraha jingine lenye maumivu makali. Ajali ya bodaboda huvunja miguu. Akija amevunjika mguu, moja kwa moja kanuni inamwambia daktari apige picha ya shingo. Kwa maneno mengine, kwa kundi letu kubwa kabisa la majeruhi kanuni imeshindwa kabla ya kuanza.

Kuna hili la mgonjwa kukutwa amekaa. Kanada, mgonjwa kukutwa amekaa katika idara ya dharura ni dalili ya unafuu. Kwetu mgonjwa anafika amekaa kwa kuwa wasamaria walimnyanyua wakamtia kwenye bajaji, au walimpakata katikati ya watu wawili juu ya bodaboda nyingine. Amekaa kwa sababu machela haikuwepo. Kutembea ni vivyo hivyo: mtu anaweza kuwa alitembea kutoka eneo la ajali hadi barabarani kwa kushikwa makwapa. Dalili ileile, maana nyingine kabisa. Halafu utafiti wa Kanada ulihusu walioumia ndani ya saa 48. Wangu wengine wanafika siku ya nne, wamepitia zahanati, wengine wamepitia kwa mganga wa mifupa kijijini ambaye tayari ameshawanyoosha.

Watoto nao kanuni ya Kanada haiwagusi. Iliyo mpya kwao imetoka Marekani mwaka 2024, kwa watoto 22,430 katika idara za dharura 18. 433 kati yao, yaani asilimia 1.9, walikuwa na jeraha la shingo. Sidhani kati yao kulikuwa na wengi waliopanda mshikaki wanne kwenda shule.

Kwa hiyo tutengeneze yetu, au tupime zilizopo na kuzirekebisha, ambayo pengine ndiyo njia fupi. Kazi yenyewe haina muujiza. Daktari au muuguzi anajaza ukurasa mmoja kabla picha haijapigwa, narudia, kabla, kwa sababu akishaiona picha macho yake hayana tena uaminifu. Baadhi ya wagonjwa wanapimwa na watu wawili bila kuonyeshana majibu. Kipengele ambacho wapimaji wawili hawakubaliani kinatupwa hata kiwe kizuri namna gani kitabuni. Kisha inaamuliwa mapema jeraha gani ni "la maana": lile linalohitaji upasuaji, kifaa au uangalizi, si kila mkwaruzo wa mfupa. Asiyepigwa picha anapigiwa simu siku ya 14 kuulizwa maswali machache kuhusu maumivu na kazi. Wakanada walifanya hivyohivyo. Namba ya simu ya mgonjwa au ya ndugu tunayo wote.

Kigumu ni idadi, na hapo ndipo ninyi mnahitajika. Angalieni tena hesabu ya Kanada: wagonjwa 8,924 walitoa majeraha 151. Kinachoijenga kanuni ni hao 151, wala si maelfu yaliyobaki. Hospitali moja ikihangaika peke yake itapata majeraha machache mno, na mhitimu wa shahada ya uzamili akimaliza tasnifu yake, karatasi zinaingia kabatini. Inahitajika hospitali nyingi zijaze fomu ileile, kwa lugha ileile, kwa wakati uleule. Hilo haliwezekani bila waraka wa Wizara. Watu wa kulisimamia wapo. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010 na tangu hapo imekuwa ikizalisha mabingwa wa tiba ya dharura kupitia MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wanapokea shingo zilizovunjika kutoka kila kona ya nchi. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanajua taratibu za kibali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasema taarifa za mgonjwa zitunzwe vipi.

Naomba wauguzi wasiachwe nje. Kanada walifanya utafiti wa wauguzi wa mapokezi kuitumia kanuni ya shingo wenyewe na kuvua kola bila kumsubiri daktari, na ikafanya kazi. Kwetu muuguzi ndiye anayekutana na mgonjwa kwanza na anakaa naye muda mrefu zaidi. Akiruhusiwa kwa maandishi, na kufundishwa, ataondoa nusu ya msongamano kabla daktari hajanawa mikono.

Sasa niseme mawili ambayo kwenye vikao husemwa kwa kunong'onezana.

La kwanza ni hofu. Daktari kijana anaandika picha ya shingo kwa kila mtu kwa sababu hakuna atakayemwita Baraza la Madaktari kwa kuagiza kipimo kilichozidi. Ataitwa kwa alichoacha. Hata Kanada, kwenye ule utafiti wa 2003, karibu mgonjwa 1 katika kila 10 hakugeuzwa shingo kama kanuni inavyotaka, pengine kwa sababu daktari aliogopa. Hofu hiyo haiondoki kwa semina ya siku moja na chai. Inaondoka kanuni ikiwa imo kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu, imeandikwa kwamba aliyeifuata na kuijaza kwenye faili amefanya wajibu wake.

La pili ni pesa. Hospitali zetu zinaishi kwa mapato ya ndani, na kipimo ni mapato. Kanuni ikifanya kazi, idadi ya picha za shingo inashuka na taarifa ya mapato ya idara yangu inashuka nayo. Atakayepumua ni mgonjwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ni vizuri mlijue hili mapema ili Mganga Mfawidhi asije akalaumiwa kwa kushusha makusanyo. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaongeza watu wanaolipiwa, Mfuko ndio wenye sababu kubwa ya kugharamia utafiti huu. Gharama yake ni karatasi, mafunzo na mishahara ya wakusanya takwimu wachache. Haifikii bei ya mashine moja.

Wakati hayo yakiandaliwa, kuna la kufanya wiki hii. Fomu ya kuombea picha iongezwe mistari minne: ajali ilitokeaje, lini, mgonjwa anasikia ganzi au la, amepimwa kugeuza shingo au la. Ikiwa na mistari hiyo, nitajua wa kumtanguliza. Sasa hivi nawapanga kwa namba ya risiti.

Mkiamua kuanza, anzeni na hospitali zilizo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma: Tumbi, Morogoro, Iringa, Mbeya. Ajali za magari makubwa na za bodaboda zinakutana huko. Ongezeni moja ya Kanda ya Ziwa na KCMC, hospitali ya kanda iliyoko Moshi, upande wa kaskazini. Hospitali ya kuithibitisha kanuni iwe nyingine kabisa, isiwe iliyoshiriki kuitengeneza, tusije kuambiwa nasi tumecheza uwanja wa nyumbani. Na kwenye bajeti msisahau vocha za simu, kwa sababu bila ile simu ya siku ya 14 hamtajua waliorudi nyumbani bila picha wanaendeleaje.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa mionzi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa